Dorothy Hodgkin: mama aliyelitafuta umbo la insulini kwa miaka 35

Kuna maswali matatu yanayorudi kila tunapozungumzia kisukari katika vipindi vyetu. Kwa nini insulini lazima ichomwe sindano? Kwa nini haimezwi kama vidonge vingine? Na kwa nini inaharibika ikikaa kwenye joto, wakati panadol inakaa kabatini miezi na miezi? Hapa Somanda na vijiji vya Bariadi maswali haya si ya kujifurahisha. Nyumba isiyo na friji na yenye mtoto wa kisukari huyauliza kila siku.

Majibu yote matatu yako mahali pamoja: katika umbo la insulini yenyewe. Umbo hilo lilijulikana mwaka 1969, na aliyeongoza kazi ya kulitafuta ni mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa Afrika, Dorothy Hodgkin. Alifariki mwaka 1994. Tumeona tuwaeleze maisha yake taratibu, kwa sababu ukiyaelewa maisha yake utakuwa umeielewa na dawa.

Dorothy Crowfoot, hilo ndilo jina la kwao, alizaliwa Cairo, Misri, tarehe 12 Mei 1910. Baba yake, John Crowfoot, alikuwa ofisa wa elimu wa serikali ya kikoloni, kwanza Misri na baadaye Sudan. Mama yake, Grace, ambaye watu wake wa karibu walimwita Molly, alikuwa fundi na mtafiti wa kusokota na kufuma. Alikaa na wanawake wa Sudan akatazama jinsi wanavyosokota pamba kwa mkono, na mwaka 1931 akachapisha kitabu kuhusu usokotaji wa Misri na Sudan. Sisi tunaoishi kwenye mikoa ya pamba tungemwelewa vizuri mama huyo.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Dorothy na wadogo zake walikuwa Uingereza, na huko walibaki na bibi na yaya huku wazazi wakirudi kazini Afrika. Kwa miaka mingi ya utoto wake alimwona mama yake kwa vipindi tu. Wajomba zake walifia vitani. Tunalitaja hili kwa sababu utu uzima wake ulijaa kazi ya kutafuta amani.

Alipokuwa na miaka kama 10 alifundishwa kukuza fuwele za mrututu na shabu. Mrututu mnaujua, ni ule wa bluu unaouzwa madukani, na shabu ni ile ya kusafishia maji. Ukiyeyusha mrututu mwingi kwenye maji ya moto, ukayaacha yapoe na kukauka taratibu, vipande vya bluu vyenye kingo zilizonyooka vinaota vyenyewe chini ya chombo. Hakuna mtu aliyevichonga. Swali la kwa nini vinanyooka namna ile lilimshika mtoto yule na halikumwachia.

Mwaka 1923, akiwa na miaka 13, alikwenda Khartoum kuwatembelea wazazi. Huko kulikuwa na mkemia wa udongo aliyeitwa Dk. Joseph, rafiki wa familia. Msichana aliokota jiwe jeusi na kutaka kujua ni kitu gani. Mzee huyo hakumfukuza. Alimsaidia kulipima, wakakuta ni madini ya ilmenaiti, kisha akampa seti ya kemikali na vifaa kama wanavyotumia wapimaji wa madini. Dorothy alirudi navyo Uingereza, akajitengenezea maabara darini. Shuleni kwao kemia ilikuwa somo la wavulana, naye na msichana mwenzake mmoja waliruhusiwa kuingia darasani.

Mwaka 1928 aliingia chuo cha Somerville, Oxford, na kutoka hapo akaenda Cambridge kufanya kazi na mwanafizikia J. D. Bernal. Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Kuona kisichoonekana

Dawa yoyote, maji yoyote, hata sukari ya chai, imeundwa na molekuli, yaani vikundi vya atomu zilizoshikana. Molekuli ni ndogo mno, na hadubini ya kawaida ya zahanati haiwezi kuionyesha hata ukiisafisha namna gani. Lakini mionzi ya eksirei ina mawimbi mafupi yanayolingana na nafasi iliyopo kati ya atomu na atomu. Ukiipitisha kwenye fuwele, ambamo molekuli zimepangana kwa safu kama mahindi kwenye gunzi, mionzi hiyo hutawanyika na kuacha nukta nyingi nyeusi kwenye filamu.

Nukta hizo si picha ya molekuli, na watu wengi hukosea hapo. Ni kama kusikia mwangwi wa ngoma kutoka upande wa pili wa kilima, ukatakiwa uchore ngoma yenyewe. Lazima upime ukali wa kila nukta, upige hesabu ndefu, na sehemu ya taarifa unayoihitaji haikurekodiwa kabisa kwenye filamu. Njia moja ya kuipata ni kupachika atomu nzito ndani ya fuwele, kama risasi au zebaki, ukapiga picha upya na kuangalia nukta zimebadilika vipi. Atomu nzito inafanya kazi ya mbuyu porini: ukijua mbuyu uko wapi, vitu vingine unavitafuta kwa kuanzia hapo.

Hesabu zikikamilika unapata ramani. Wanaozijua ramani za wapima ardhi wanakumbuka ile mistari ya mviringo inayoonyesha kilima. Wataalamu wa fani ya Dorothy walichora mistari ya namna hiyo kuonyesha mahali penye atomu, karatasi moja kwa kila tabaka la molekuli. Kisha walihamishia michoro kwenye vioo au plastiki inayopitisha mwanga na kuvipanga kimoja juu ya kingine. Ukichungulia toka juu unaona molekuli imeelea ndani, ina urefu, upana na kina. Ramani ya namna hiyo ya penisilini, kazi ya Dorothy na wenzake, ipo hadi leo.

Kina ndicho kilikuwa kazi ngumu. Karatasi ni bapa, molekuli si bapa. Fanya jaribio hili hapo ulipo. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho la kushoto, kisha fungua na ufumbe la kulia. Kidole kinaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Macho yako yametengana kama sentimita 6, kila moja linaona picha yake, na ubongo unazichanganya kupata kina. Ndiyo maana kutunga uzi kwenye sindano kwa jicho moja ni shida.

Mwingereza Charles Wheatstone aliieleza siri hii mwaka 1838 na kutengeneza kifaa cha vioo kilichoitwa stereoskopu: picha mbili zilizotofautiana kidogo, moja kwa kila jicho, na ghafla kitu kinajitokeza kama kipo mbele yako. Karne moja na zaidi baadaye wataalamu wa molekuli waliichukua mbinu ileile. Walichapa kwenye majarida picha pacha za molekuli, na msomaji alizitazama kwa miwani maalumu, au kwa kulegeza macho mpaka picha mbili zikawa moja. Baadaye zikaja kompyuta zenye miwani inayoziba jicho moja baada ya jingine kwa kasi kubwa, kioo cha kompyuta nacho kikibadilisha picha kwa mwendo uleule. Mtafiti alikaa gizani amevaa miwani yake, dawa imeelea mbele yake, akiizungusha kama mtu anayekagua embe sokoni.

Dorothy wa ujana wake hakuwa na kompyuta hizo. Alikuwa na kichwa. Waliofanya kazi naye walishangazwa na uwezo wake wa kutazama michoro bapa na kulijua umbo lenye kina.

Maumivu ya mikono

Mwaka 1934, akiwa na miaka 24, madaktari walimwambia ana ugonjwa wa baridi yabisi wa viungo, ule unaokunja vidole taratibu na kuvimbisha maungio. Aliishi nao miaka 60. Kazi yake ilikuwa kushika fuwele ndogo kuliko chembe ya chumvi na kuzibandika mahali pake bila kuzivunja, na aliifanya kwa vidole vilivyopinda. Swichi ya mtambo wa eksirei ilipomshinda kubonyeza, ilitengenezwa nyenzo ndefu aisukume.

Mwaka huohuo wa 1934 yeye na Bernal walipiga picha nzuri ya kwanza ya protini kwa eksirei. Protini hiyo ilikuwa pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachokatakata nyama na maharage tunayokula. Likumbukeni jina hilo, tutalihitaji.

Alirudi Oxford, akapewa chumba cha chini katika jengo la makumbusho ya chuo. Dirisha la maana lilikuwa juu, na hadubini yake ilikaa huko, kwa hiyo alipanda na kushuka ngazi akiwa na fuwele mkononi. Klabu ya wanakemia ya Oxford haikuwa ikiwaingiza wanawake kwenye mikutano yake. Mwaka 1937 aliolewa na Thomas Hodgkin, ambaye baadaye alikuwa mwanahistoria mkubwa wa Afrika, na wakapata watoto watatu. Kwa miaka mingi Thomas alifanya kazi mji mwingine na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, naye mama alilea na kufanya utafiti.

Penisilini, damu na kobalti

Vita ya Pili ilipopamba moto, penisilini ilikuwa imeanza kuokoa askari, lakini hakuna aliyejua imejengwaje. Wakemia wakubwa walibishana. Dorothy na mwanafunzi wake Barbara Low walitumia eksirei na mashine za kadi zenye matundu kupiga hesabu, na mwaka 1945 jibu likapatikana. Katikati ya penisilini kuna pete ndogo ya atomu nne. Baadhi ya wakemia walikataa kuamini, kwa sababu pete ndogo namna hiyo imekazwa mno, kama upinde uliovutwa.

Kumbe mkazo huo ndio silaha. Pete inapofika kwenye kiwanda ambacho bakteria hutumia kujenga ukuta wake, inafunguka na kung'ang'ania hapo, na kiwanda kinasimama. Ampisilini na amoksilini mnazopewa zahanati zina pete hiyohiyo, mafundi wamebadilisha mkia tu. Na bakteria sugu wengi wamejifunza kitu kimoja: kutengeneza kimeng'enya kinachoikata pete kabla haijafika. Muuguzi akikwambia dawa imegoma, mara nyingi ugomvi wenyewe ni wa atomu hizo nne.

Baada ya hapo ilikuja vitamini B12. Mwili ukiikosa, damu inapungua vibaya na mishipa ya fahamu inaharibika, na zamani wagonjwa walilishwa maini kwa wingi ili wapone. Fuwele zake ni nyekundu, na katikati kuna atomu moja ya kobalti. Kazi ilianza mwaka 1948 na kuisha miaka minane baadaye. Hesabu zilisaidiwa na Kenneth Trueblood wa Los Angeles, Marekani, aliyekuwa na moja ya kompyuta za kwanza. Majibu yalivuka bahari kwa barua na simu za maandishi.

Kwa kazi hizi alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1964, peke yake, bila kugawana na mtu. Habari hiyo ilimkuta Ghana, ambako mumewe aliongoza Taasisi ya Masomo ya Afrika ya chuo kikuu, enzi za Nkrumah. Magazeti ya kwao Uingereza yalishangilia kwamba mke wa nyumbani ameshinda. Sisi tunaona walikuwa na la maana zaidi la kuandika.

Miaka 35 ya insulini

Sasa turudi kwenye dawa yetu. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na wagonjwa wakaanza kuchomwa mwaka 1922. Kwa hiyo watu walitibiwa nayo miaka 47 bila mtu yeyote kujua ina umbo gani. Dorothy alipewa fuwele zake za kwanza mwaka 1934, na mwaka uliofuata akapata nukta kwenye filamu. Inasimuliwa kwamba usiku ule alitembea mitaani Oxford kwa furaha.

Lakini kuona nukta ni jambo moja, kuzisoma ni jingine. Insulini ina vipande 51 vya protini katika minyororo miwili, na hesabu zake zilizidi mashine zote za wakati ule. Akaiweka kando, akairudia, akaiweka tena. Wanafunzi waliingia na kutoka. Mmoja wao, aliyefanya naye mradi wa mwaka wa mwisho kwenye dawa nyingine, aliitwa Margaret Roberts, baadaye Margaret Thatcher, waziri mkuu. Siasa zao hazikupatana kabisa, ila waliendelea kuzungumza, na mwalimu alimsukuma mwanafunzi wake azungumze na Warusi kuhusu silaha za nyuklia.

Agosti 1969, kikosi cha vijana kutoka nchi mbalimbali wakiwa pamoja naye, umbo lilipatikana. Molekuli sita za insulini hukaa pamoja kama watu waliokizunguka chungu, na katikati kuna atomu mbili za zinki zinazozishika. Zinapoingia kwenye damu huachana, moja moja, na ndipo zinaweza kufanya kazi.

Na haya ndiyo majibu. Insulini ni protini iliyojikunja kwa mpangilio maalumu, na hufanya kazi kwa kujipachika mahali inapoingia sawasawa, kama ufunguo. Ukiimeza inakutana na pepsini ya tumboni na vimeng'enya vya utumbo, ambavyo havijui kama ni dawa au kipande cha nyama. Vinaikata. Ikipata joto kali, mikunjo inafumuka, kama ute wa yai kwenye kikaango, na yai halirudi kuwa bichi. Ndiyo maana wasio na friji hushauriwa kutumia mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi, ambao hupoa maji yanapokauka. Waulizeni wahudumu wa afya jinsi ya kuuandaa, maana chupa haitakiwi kulowana wala kuganda.

Kuna tunda jingine la kazi ile. Mafundi walipoona hasa mahali molekuli zinaposhikana, walibadilisha vipande viwili tu karibu na mwisho wa mnyororo mmoja, wakapata insulini inayoachana haraka na kufanya kazi mapema baada ya sindano. Ilianza kuuzwa mwaka 1996, Dorothy akiwa ameshafariki. Bila umbo wangekuwa wanapapasa gizani.

Kanda ya Ziwa tuna mfano wetu wa karibu zaidi, ingawa si kazi yake. Max Perutz, aliyetoka katika maabara ileile ya Bernal, alilitafuta umbo la himoglobini, ile inayobeba hewa kwenye damu. Kwa mgonjwa wa siko seli kipande kimoja tu kimebadilika katika mnyororo, na molekuli zinanasana kuwa nyuzi ndefu zinazopinda chembe ya damu kama mundu. Familia nyingi huku zinayajua maumivu yanayofuata.

Uzeeni Dorothy alisafiri sana, India, China, Vietnam. Mwaka 1972 alifika Beijing akakuta Wachina wamepata umbo la insulini kwa njia yao wenyewe, huku nchi yao ikiwa imetengwa na dunia. Angeweza kunyamaza. Alikwenda kwenye mkutano wa kimataifa Japani akawaeleza wenzake ubora wa kazi ya Wachina. Kuanzia 1976 hadi 1988 aliongoza Pugwash, umoja wa wanasayansi wanaopinga silaha za nyuklia. Mchoraji Maggi Hambling alimchora mwaka 1985 akiwa mezani kwake, mbele yake mfano wa insulini, na akampa mikono minne badala ya miwili, yote ikiwa kazini, vidole vimepinda.

Mwaka 1993, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alikwenda tena Beijing kwenye mkutano wa wataalamu wa fuwele. Tarehe 29 Julai 1994 alifariki nyumbani kwake kijijini Ilmington, akiwa na miaka 84.

Mwenye simu janja anaweza kuiona kazi yake. Tangu mwaka 1971 maumbo ya protini yanahifadhiwa kwenye Benki ya Data ya Protini, ambayo iko wazi kwa kila mtu bila malipo. Ilianza na maumbo 7, sasa yamezidi 200,000. Tafuta kwenye intaneti namba 4INS. Hiyo ni insulini ya nguruwe, kama ilivyochapishwa na Dorothy na wenzake mwaka 1988. Iguse kwa kidole uizungushe taratibu, na kina chake kitajitokeza hata bila miwani. Mwenye kitochi aombe kuangalia kwa jirani.